KUFULI MLANGONI KWA MLEMAVU

Habari hizi ni za Australia, lakini zamhusu kila mfanyakazi amtunzaye mtu asiyeweza kujitetea.

Nchi hiyo, chini ya Mpango wa Taifa wa Bima ya Walemavu, iliweka mwaka 2018 kanuni juu ya vizuizi vya namna tano: kumtenga mtu peke yake chumbani, kumtuliza kwa dawa, kumfunga kwa mikanda na vifaa, kumshika kwa nguvu, na kumzuilia asifikie vitu au mahali, hata jokofu la chakula kutiwa kufuli. Hayo yasitendwe ila njia nyingine zimeshindwa, tena kwa muda mfupi kabisa. Sharti yaandikwe katika mpango wa mtu huyo, yapate idhini kwa sheria ya jimbo, na Tume ya usimamizi ipewe taarifa.

Katika maandishi hatuoni la kulaumu. Lakini mwaka wa 2020-21 Tume ilipokea taarifa zaidi ya milioni 1 za vizuizi vilivyotumiwa bila idhini. Kweli, kila kidonge huhesabiwa peke yake, hivyo mtu mmoja aweza kuleta mamia. Hata hivyo, kwa tafsiri ya kanuni zenyewe, dawa huwa kizuizi itolewapo si kwa kutibu ugonjwa uliothibitishwa bali kwa kuitawala tabia ya mtu. Basi dawa hiyo ni ya nani: ya mlemavu, au ya utulivu wa nyumba?

Wako wasemao kosa ni la mtumishi. Hatukubali. Mtumishi aliyeachwa usiku peke yake na watu wanne, asiyefundishwa kutambua maumivu ya mtu asiyesema, atashika nini ila ufunguo? Mwajiri apunguzaye watumishi kwa kutafuta faida ndiye aufungaye mlango ule, na huyo ndiye wa kuhojiwa kwanza.

Tume ya Kifalme, iliyoundwa mwaka 2019, ilitoa ripoti yake ya mwisho Septemba 2023, yenye mapendekezo 222. Ilitaka vizuizi vipunguzwe hata viondoke, na baadhi vipigwe marufuku mara moja. Twaunga mkono, nasi twaongeza: mlemavu mwenyewe na jamaa zake waulizwe kabla ya idhini kutolewa, na kila idhini iandikwe siku ya kwisha kwake.