HUYO SAMAKI WA RANGI SEBULENI KWAKO ANAKULA NINI?



Ndugu yetu mmoja aliyeko Dubai ameniandikia faragha. Ana tangi la kioo la maji ya bahari sebuleni, sasa anataka kumuongeza yule samaki mwembamba wa buluu mwenye mstari mweusi ubavuni, jamaa ya pono, wanayemwita msafishaji. Anauliza: kuna ubaya?

Kufuga samaki wa mapambo asili yake ni halali, tusiharamishe kilichohalalishwa. Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik, alikuwa na kidege chake, na Mtume (S.A.W) hakumkataza. Alikuwa akimtania mtoto kwa kumuuliza habari za kidege hicho. Wanazuoni wakachukua hapo ruhusa ya kufuga kiumbe kwa kuburudika, kwa sharti asidhulumiwe.

Sasa njoo kwenye sharti lenyewe, maana hapa wengi tunapita haraka.

Unaijua kazi ya samaki huyu? Ana kituo chake kwenye mwamba, kama kinyozi na kibanda chake. Samaki wengine wanamfuata hapo. Chewa mkubwa, ambaye angemmeza mara moja, anafungua kinywa na mashavu, huyu mdogo anaingia ndani, anakula vidudu vinavyomnyonya damu, anatoka salama. Subhanallah! Watafiti Australia walihesabu wakakuta mmoja anahudumia samaki zaidi ya 2,000 kwa siku. Ndiyo rizki aliyopangiwa na Mola wake: imo kwenye miili ya wateja wake.

Wewe tangini una samaki sita. Vidudu vikiisha, atakula nini? Ataanza kuwadonoa hao sita, ale ute wa ngozi zao, nao hawana mwamba wa kukimbilia. Mwisho wengi wao hukonda wakafa. Wapo wachache wanaozoea chakula cha kugandishwa, na mwenye duka bila shaka atakwambia wa kwake ni mmoja wao. (Mwambie amlishe mbele yako kabla hujatoa pesa, uone uso wake.)

Ile Hadithi ya mwanamke na paka tunaisoma kila mara. Aliadhibiwa kwa sababu alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha akajitafutie. Ndugu yangu, kurusha chakula majini siyo kulisha ikiwa kiumbe hakili chakula hicho. Kwa hiyo mimi naona huyu usimnunue. Sijasema tangi ni haramu, nasema huyu mwache baharini.

Na huko baharini anahitajika. Hukohuko Australia, kwenye miamba ya kisiwa cha Lizard, waliwaondoa wasafishaji kwa miaka zaidi ya minane. Samaki wengine wakapungua, kwa idadi na kwa aina. Leo samaki wa mapambo wanavuliwa pia pwani yetu ya Kenya na kupandishwa ndege kwenda nje, kwa hiyo jambo hili si la matajiri wa mbali tu.

Ukitaka mwingine wa jamaa hiyohiyo, uliza kwanza maisha yake. Wapo wanaojifukia mchangani usiku; wewe umeweka kioo kitupu chini, atalala wapi? Wengi wao huruka, funika tangi kwa wavu. Maji yakipungua kwa joto, chumvi inabaki, kwa hiyo unaongeza maji baridi, siyo ya chumvi. Na ukienda Umra siku kumi, nani atayafanya hayo? Mjibu Allah kabla ya kumjibu muuzaji.

Kama tayari umeshamnunua, usiende kumwaga samaki ufukweni ukidhani umemwachia huru. Kwao si hapo, na huenda akapeleka maradhi. Mrudishe dukani, au mpe mwenye tangi kubwa lenye samaki wengi, na umwambie ukweli wote kuhusu anachokula.

Wallahu a'lam.