Karatasi ya Wasifu wa Baba

Sifa njema zote ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu wasomaji, miongoni mwa kazi za katibu wa kamati ya msikiti hapa Mlandizi ni kupokea karatasi ya wasifu wa marehemu kabla jeneza halijatoka nyumbani. Mara nyingi huwa na mistari michache: mwaka wa kuzaliwa, idadi ya watoto na wajukuu, kisha maradhi, hospitali na saa ya kufariki. Maradhi ya mwezi mmoja huchukua nafasi kubwa kuliko kazi ya miaka hamsini. Tulipata kumzika mzee aliyelima mpunga kando ya mto Ruvu na kuwasomesha watoto wake wote kwa jembe. Tulipowauliza wajukuu babu yao alizaliwa kijiji gani, walitazamana.

Siku ile tulimkumbuka Mzee Ali Hassan Mwinyi, mtoto wa mkoa wetu huu wa Pwani, aliyezaliwa tarehe 8 Mei 1925 katika kijiji cha Kivure, wakati ule kikiwa Kisarawe na leo kikiwa Mkuranga. Alipelekwa Unguja angali mdogo, akasoma Mangapwani na Dole, kisha akarudi Mangapwani kuwa mwalimu na baadaye mwalimu mkuu. Wengi humjua kwa jina la Mzee Rukhsa, kwani katika urais wake, 1985 hadi 1995, milango ya biashara ilifunguliwa, na wazazi wetu waliozoea foleni za sabuni na sukari wakapumua.

Lakini ukurasa wa maisha yake ambao tungependa kila baba mwenye nyumba autafakari ni ule wa 1977. Akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, watuhumiwa waliokuwa mikononi mwa vyombo vya dola huko Shinyanga na Mwanza waliteswa, na baadhi yao wakafa. Yeye hakuwatesa kwa mkono wake. Hata hivyo alijiuzulu, kwa kuwa waliotenda walikuwa chini ya dhamana yake. Si jambo jepesi mtu mwenye familia kuacha cheo kwa kosa la aliye chini yake. Baadaye alikuwa balozi nchini Misri, na mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar. Leo kujiuzulu kule hutajwa miongoni mwa mema yake.

Alifariki tarehe 29 Februari 2024, akiwa na umri wa miaka 98, akazikwa Mangapwani, alikopata kufundisha watoto wa watu. Kabla ya hapo, mwaka 2021, kitabu cha safari ya maisha yake kilikwisha kuzinduliwa. Wajukuu zake hawana haja ya kutazamana.

Wazee wetu wengi hawataandika kitabu. Basi mtoto au mjukuu na aketi na mzee wake baada ya Isha, akiwa na daftari, amuulize kwa adabu: Ulizaliwa wapi, na nani alikulea? Kazi yako ya kwanza ilikuwa ipi? Shamba hili ulilipataje, na mpaka wake uko wapi? Nani anakudai, na nani unamdai? Maswali mawili ya mwisho yangeokoa familia nyingi na ugomvi tunaousuluhisha msikitini hata kabla arobaini haijafika.

Tunarudi kwa mzee wetu wa Ruvu. Baada ya maziko, jirani yake alisimama akaeleza kwamba mwaka mmoja mbuzi waliokuwa wakichungwa na mwanawe waliingia katika mpunga wake. Kabla hajashtaki popote, mzee alimletea magunia kutoka katika mavuno yake mwenyewe, akasema: “Mchungaji ni mwanangu, hasara ni yangu.” Wanawe walikuwa wamesimama pale kaburini. Ilikuwa mara yao ya kwanza kuisikia habari hiyo, na mmoja wao, mtu mzima mwenye mvi, aliinamisha kichwa akalia.

Habari hiyo haikuwemo katika karatasi tuliyoisoma.

Allah awarehemu wazazi wetu waliotangulia, kama walivyotulea tungali wadogo, na awape umri wenye kheri walio hai. Amin.