Mshale Hauna Rivasi: Mantiki Kutoka Soko la Burma

Leo sitaandika kuhusu simu mpya wala lugha mpya ya programu. Leo nina ugomvi na waandishi wa programu wenzangu.

Kila muuza nyama anapotapeliwa kwa meseji bandia ya M-Pesa, sisi watu wa kompyuta ndio wa kwanza kucheka. Eti hajui teknolojia. Anayecheka aende Soko la Burma, pale Jogoo Road, wakati wateja wamejaa na mikono ya muuzaji imejaa mafuta. Mteja anapimiwa kilo tano, anabonyezabonyeza simu, meseji inalia upande wa pili, anabeba nyama yake. Jioni pesa hazionekani.

Huyo muuzaji hakukosa teknolojia. Alifanya kosa la mantiki, kosa ambalo nyinyi mnalifanya kila siku na mnalipwa mshahara.

Haya, tuanze mwanzo. Kauli ni sentensi inayoweza kuwa kweli au uongo, lakini si vyote viwili kwa pamoja. "Pesa imeingia" ni kauli. "Kilo ni ngapi?" si kauli, ni swali. "Punguza kidogo!" pia si kauli, ni ombi. Kauli tunazipa herufi:

P: Pesa imeingia.
Q: Meseji imefika.

Halafu kuna viunganishi. "Si P" huigeuza kauli: kweli inakuwa uongo, uongo unakuwa kweli. "P na Q" ni kweli pale tu zote mbili zikiwa kweli. "P au Q" inataka angalau moja, na zote mbili zikiwa kweli bado inasimama. Hapo mantiki haifanani na hoteli, kwa sababu ukiulizwa "ugali au chapati?" unatarajiwa kuchagua kimoja.

Kiunganishi kinachotumaliza ni "ikiwa P, basi Q". Tunakiandika kwa mshale, na jedwali lake la ukweli ni hili:

P ....... Q ....... P → Q
kweli ... kweli ... kweli
kweli ... uongo ... uongo
uongo ... kweli ... kweli
uongo ... uongo ... kweli

Tuchukulie mtandao hauchelewi: ikiwa pesa imeingia, basi meseji imefika. Sawa kabisa. Sasa tazama mstari wa tatu. Pesa haikuingia, meseji imefika, na kanuni yetu haijavunjika hata kidogo! Hapo ndipo tapeli alipofungua ofisi. Mtu yeyote anaweza kuandika maneno yale na kuyatuma.

Kutoka P unaweza kufika Q. Kutoka "si Q" unaweza kurudi hadi "si P": hakuna meseji, basi hakuna pesa. Lakini kutoka Q huwezi kurudi hadi P. Mshale hauna rivasi.

Mnadhani ni mambo ya meseji tu? Julai 2019, NTV ilionyesha jinsi baadhi ya supamaketi za Nairobi zilivyotumia kemikali ya sodiamu metabisalfaiti kuifanya nyama ionekane nyekundu. Wateja walijua kwamba nyama ya ng'ombe ikiwa mbichi na safi huwa nyekundu. Wakageuza mshale: ni nyekundu, basi ni safi. Kemikali ikakaa palepale, mstari wa tatu.

Sasa turudi kwenu. Nimewahi kukagua programu ya duka iliyokuwa ikisoma meseji zinazoingia. Ikikuta neno "Umepokea", inaandika "AMELIPA". Kijana aliyeiandika anajua lugha nne za programu. Amefanya kosa lilelile la Burma, tofauti ni kwamba la kwake linajirudia katika kila duka linaloitumia, bila kuchoka.

Dawa yake ni kutafuta mshale wenye ncha mbili, "ikiwa na ikiwa tu", P ↔ Q, ambapo kauli zote mbili huwa kweli pamoja au uongo pamoja. Meseji haiko hivyo. Rekodi ya muamala kwenye mfumo wa malipo wenyewe ndiyo inayokaribia. Muuzaji anayeangalia salio lake kabla ya kukabidhi nyama anaitafuta ↔ bila kuijua kwa jina. Programu nayo iulize mfumo: Safaricom ina Daraja, na linajibu maswali kama hayo.

Najua mtakachosema: mantiki ni ya wasomi, kijana wa Eastlands anataka kazi. Si kweli. Neno "mantiki" lilitufikia kutoka Kiarabu kabla kompyuta haijazaliwa. George Boole aliigeuza mantiki kuwa hesabu katika kitabu chake cha 1854, na Claude Shannon akaonyesha mwaka 1937 kwamba swichi za umeme zinaweza kuifuata. Lugha za programu zimekuja na kuondoka, lakini lile jedwali la mistari minne liko vilevile.

Kwa hiyo wewe unayewafundisha vijana, anza na jedwali, ndipo ufungue kompyuta. Na ufundishe kwa Kiswahili, maana tapeli naye anatumia Kiswahili.

Zoezi: "Ikiwa nyama imekaguliwa, basi ina muhuri." Hii mbele yako ina muhuri. Umejua nini?