Wimbo pasipo jina haulipwi

Tulikuwa ku kilio kimoja hapa Lubumbashi. Kijana akafungua telefone, akapiga wimbo wa gitare. Muzee moja akasimama: «Uyu ni Mwenda Jean Bosco! Umemutoa wapi?» Kijana akaangalia kioo: kuliandikwa «Piste 07», basi. Alijaziwa kadi ya telefone na mwenzake mwenye ordinatere pembeni ya barabara. Wimbo ulifika, jina halikufika.

Sisi wa sendika hatukatai mambo mapya. Zamani, kwa kujua wimbo mupya, ulihitaji radio ao jirani mwenye disiki. Katika 1952, Hugh Tracey alipita Jadotville, leo Likasi, na mashini ya kushika sauti. Ni vile gitare ya Mwenda ilifika inchi za mbali. Leo kijana wa Kolwezi anavuta wimbo wa Dar es Salaam siku ile ile unatoka, kwa mega kidogo tu. Ni jambo muzuri.

Lakini disiki ilikuwa na jina juu yake. Ku radio walisema jina mbele ya wimbo. Ku bar kulikuwa watu wa kuuliza. Sasa wimbo unatoka telefone hii unaingia ile, na njiani jina linaanguka.

Wengine watasema: jina ni kitu kidogo. Sisi tunajua sivyo. Ku mine, mutumishi asiyekuwa ku liste anashuka ku shimo sawa na wengine, anatoa jasho sawa na wengine, lakini mwisho wa mwezi hakuna mutu anamuita ku kese. Mwanamuziki pasipo jina ni vilevile. Mega tunalipa. Kijana wa ordinatere tunamulipa. Mwenye kuimba njo hapati hata makuta moja. Na mwenye kutaka kumualika ku feti ya 1 Mei hajui atafute nani.

Basi, ndugu, tuanze na kidogo. Ninyi munaojaza kadi, muandike jina kamili. Ninyi wa radio, mutaje jina mbele na nyuma ya wimbo. Na sisi wote, mbele ya kumutumia mwenzetu wimbo, tuulize: nani ameimba?

Mutu asiyeandikwa hawezi kudai haki yake. Hii tuliijifunza ku kazi, na ku muziki ni ile ile.