Mtunza Maktaba wa Kijiji Aitwe Mkutanoni

Majuma machache yaliyopita tulialikwa kusikiliza mkutano wa wakutubi juu ya maktaba zinazohudumia watu wachache: za vijiji, za kata na za miji midogo. Mazungumzo yalikuwa mazuri, na chai ilikuwa nzuri zaidi. Lakini karibu wote waliokuwamo ukumbini walikuwa mabwana na mabibi wa ofisi za mjini. Mtunza maktaba ya kijiji tulimwona mmoja tu, mama mtu mzima, ambaye nauli alijilipia mwenyewe.

Alipewa dakika tano. Akaeleza kwamba wakulima humwulizia vitabu vya magonjwa ya kuku, na watoto vya mitihani. Naye mara ya mwisho aliletewa masanduku ya vitabu vya msaada vinavyosimulia habari za theluji. Ukumbi ukacheka. Sisi hatukucheka.

Taifa letu lilianza kazi hii kwa nia njema. Sheria ya Bodi ya Huduma za Maktaba ilipitishwa mwaka 1963, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere akaifungua Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam. Katika miaka ya 1970 ikaja kampeni ya elimu ya watu wazima, na maktaba za vijiji zikaifuata, kwa kuwa ilifahamika wazi kwamba aliyejifunza kusoma, akikosa cha kusoma, husahau. Vijiji vingi vikapata kabati la vitabu na mtu wa kulitunza. Leo makabati mengi yamekwisha kuliwa na mchwa. Wasomaji hawakukosekana, vilivyokosekana ni vitabu vipya, na mafunzo kwa aliyeshika ufunguo.

Basi, mafunzo hayo atayapata wapi, ikiwa hata mkutano unaomhusu haitwi? Tutaambiwa fedha hakuna. Mbona za kumlaza bwana mkubwa hotelini siku tatu zilipatikana? Fedha hizo zingetosha nauli za basi za watunza maktaba kadhaa. Twataka wenye mamlaka waufanye mkutano ujao wilayani, katika darasa la shule ikibidi, na watunza maktaba waseme kwanza, wakubwa wakisikiliza.

Yule mama hakuyasikia maazimio yakisomwa. Basi lake lilikuwa la saa nane, na kesho yake maktaba ilipaswa kufunguliwa.