Msimbo Usiachwe Nje ya Diski

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu aliwahi kuniumbua mbele ya darasa, nami sijamsahau. Ilikuwa mwaka 2006, katika shule ya mashambani isiyokuwa na intaneti. Nilikuwa nimebahatika kupata diski moja ya mfumo huria wa kompyuta, nikajigamba kuwa huu si kama ile ya kununuliwa: kila mtu ana ruhusa ya kuusoma, kuubadilisha na kumgawia jirani. Kijana akainua mkono. "Basi tuusome, mwalimu." Nikaipekua diski yote. Programu zilizo tayari kutumika zilikuwa tele, ila msimbo, yaani maandishi asilia ya wale waliozitunga, haukuwamo. Palikuwa na anwani ya mtandao tu.

Siwalaumu hivi hivi waandalizi wa diski. Diski ya aina ile hubeba megabaiti 700, basi. Debian toleo la 3.0, lililotoka mwaka 2002, lilijaza diski 7 kwa programu peke yake, na msimbo ukawekwa katika diski za kando. Anayeambiwa atoe diski moja tu hana budi kuchagua, na katika uchaguzi huo msimbo ndio hutupwa kwanza.

Hebu tutazame jinsi uchaguzi wenyewe ufanywavyo. Debian ina programu ndogo iitwayo popularity-contest. Mtumiaji akiridhia, kompyuta yake hupeleka taarifa za programu ilizo nazo, na hesabu hiyo husaidia kuamua kipi kiingie diski ya kwanza. Ni mpango wa busara, lakini taarifa hizo husafiri kwa mtandao! Shule isiyokuwa na mtandao, ambayo ndiyo hasa inayotegemea diski, haihesabiwi kamwe. Kura hupigwa na wale wasioihitaji diski.

Yupo atakayenijibu kwamba sheria imeshalitatua jambo hili. Leseni ya GPL, toleo la pili la mwaka 1991, humtaka agawaye programu auambatanishe msimbo, au atoe ahadi ya maandishi, yenye kudumu miaka mitatu au zaidi, kwamba atampa yeyote atakayeuomba kwa gharama ya kuunakili na kuufikisha tu. Ahadi ni deni, lakini deni la namna hii mwanafunzi wa kijijini atalidai kwa njia gani? Kwake yeye, ruhusa ya kusoma asichoweza kukishika haina tofauti na katazo.

Isitoshe, wapo walioweza. Mradi wa OpenBSD uliuza diski zake tangu miaka ya 1990 hadi toleo la 6.0 la mwaka 2016, na msimbo wa mfumo ulikuwa humo humo. Maandishi hubanwa yakabanika: msimbo wa kiini cha Linux 6.6, toleo la mwaka 2023, ni takriban megabaiti 140 ukishabanwa. Huo ni mfano wa kazi kubwa mno. Programu ndogo za kumfaa mwanafunzi hazifiki hata megabaiti moja.

Najua wengi hawataufungua. Katika darasa la wanafunzi arubaini, huenda akaufungua mmoja. Lakini maktaba zetu hatuzipangi kwa kuuliza ni wangapi watakaosoma kitabu cha kemia hadi ukurasa wa mwisho.

Mwaka 2022 Kenya iliidhinisha mafunzo ya uandishi wa programu za kompyuta katika shule za msingi na za upili. Tutawafunzaje vijana kuandika ilhali hawajapata kusoma kazi iliyoandikwa na mjuzi? Hakuna mwalimu wa insha athubutuye jambo hilo.

Diski zimepitwa na wakati, na wengi wetu siku hizi hugawa kwa flashi. Nafasi imeongezeka maradufu, ila mazoea ni yale yale. Kwa hiyo, walimu wenzangu, mnapoukaribia mtandao mjini, pakueni programu pamoja na msimbo wake, hata kama ni wa programu mbili tatu.

Flashi ninayowapa wanafunzi wangu ina msimbo wa kikokotoo na wa mchezo wa nyoka. Nafasi ilipopungua nilifuta picha za kupamba skrini. Hadi leo hakuna aliyeziulizia.