Chapati ya Shimanzi na hesabu za bandari

Aghalabu mjadala kuhusu bandari ya Mombasa huendeshwa kwa lugha ya makontena na mabilioni ya shilingi. Naomba leo tuuendeshe kwa lugha ya mbaazi na chapati.

Juzi shughuli zilinifikisha Shimanzi, mtaa wa bohari, matangi ya mafuta na maghala ya nafaka ulio ubavuni mwa bandari ya Kilindini. Saa saba mchana nikaingia katika mkahawa mmoja wa mabati ambao nimekuwa nikila kwa miaka mingi. Hauna jina mlangoni, wala hauhitaji. Kuna meza nne, mabenchi, na ndoo ya maji ya kunawia. Mchukuzi mwenye vumbi la saruji huketi bega kwa bega na karani aliyefunga tai, na dereva wa lori la Malaba humegeana chapati na utingo wake. Atakayechelewa hadi saa nane asilaumu mtu akikuta sufuria tupu.

Niliagiza mbaazi za nazi na chapati mbili. Zilipoletwa zilikuwa nyembamba mno, hata nikathubutu kumuuliza mwenye mkahawa.

"Mwalimu, nikipandisha bei, watu wangu hawatakula," akanijibu bila hasira. "Nikiiacha ilivyo na chapati nikaiacha ilivyo, mimi nitafunga. Basi imekonda chapati."

Sijapata kusikia mfumko wa bei ukielezwa kwa ufasaha zaidi, na nimeketi katika semina kadhaa.

Kinaya ni kwamba sehemu kubwa ya ngano inayoliwa Kenya hutoka ng'ambo, nayo hupakuliwa karibu kabisa na meko ya mama huyu. Mafuta ghafi ya mawese, yanayogeuzwa kuwa mafuta ya kupikia, hupitia bandari hii pia. Hata hivyo, ujirani huo haumpunguzii hata senti. Bei huamuliwa katika masoko ya mbali, na thamani ya shilingi yetu, na kodi. Urusi ilipoivamia Ukraine mnamo Februari 2022, unga ulipanda Shimanzi. Julai 2023 kodi ya thamani iliyoongezwa kwenye mafuta ya petroli na dizeli iliongezwa kutoka asilimia 8 hadi 16, na gharama za usafiri zikafuata. Kisha Mswada wa Fedha wa 2024 ukapendekeza kodi ya asilimia 16 kwa mkate na ushuru wa asilimia 25 kwa mafuta ya mboga. Vijana waliandamana, damu ikamwagika, na mswada ukaondolewa Juni 26. Wapo waliodai kwamba vijana wale walichochewa tu. Wangalikula hapa siku moja wangalinyamaza. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu.

Lakini bei ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni walaji. Agosti 2019 serikali iliagiza kwamba mizigo inayokwenda bara isafirishwe kwa reli mpya na kukaguliwa Nairobi. Madereva, matingo na makarani wa mizigo wakawa hatarini kukosa kazi, na wakazi wa Mombasa wakaandamana hadi agizo likasitishwa Oktoba. Hata hivyo, ubishi haukwisha mpaka Septemba 2022, Rais William Ruto alipoapishwa na kutangaza kurejeshwa Mombasa kwa shughuli za kutoa mizigo. Sipingi reli. Ninachopinga ni kuandika sera kana kwamba nyuma ya kila lori hakuna sahani.

Wanafunzi wa historia watakumbuka mgomo mkuu wa Januari 1947, uliousimamisha mji huu kwa takriban wiki mbili. Miongoni mwa vyanzo vyake ulikuwa ujira usiotosha chakula na kodi ya nyumba. Wakuu wa wakati ule nao walikuwa na takwimu zao.

Kwa hiyo ninawaomba wabunge wetu, kabla ya mswada mwingine wa fedha, waje wale Shimanzi bila msafara na bila wapiga picha. Wamwombe mama yule awaonyeshe daftari lake la madeni. Ni daftari la shule, la kurasa 96, na nilipokuwa nikilipa alikuwa akitafuta nafasi katika jalada la nyuma.